Namna ya Kuhakiki Dawa au Bidhaa Yenye Chembe za Nano Kabla ya Kuitumia

Swali la kama chembe za nano ni salama haliwezi kujibiwa kwa jumla, kwa kuwa jina hilo limebeba vitu visivyofanana hata kidogo: vifuko vya mafuta vinavyosafirisha dawa ya saratani, punje za oksidi ya chuma anazodungwa mgonjwa aliyepungukiwa na damu, dhahabu inayochora mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya ujauzito, na maji ya madini ya fedha yanayouzwa mitandaoni kama dawa ya kila ugonjwa. Vyote vimewekwa pamoja kwa sababu ya udogo wake, ambao kwa kawaida ni kati ya nanomita 1 na 100, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama kitu fulani kinamfaa aulize mambo matatu: chembe imetengenezwa kwa nini, inaingia mwilini kwa njia ipi, na ni mamlaka gani ya dawa iliyoikagua na kuiidhinisha.

Anza na njia ya kuingilia, kwa sababu hiyo pekee huondoa hofu nyingi. Dhahabu ya kwenye kipimo haiingii mwilini kabisa, na hivyo hakuna la kujadili. Oksidi ya zinki na dioksidi ya titani zinazotiwa kwenye losheni za kukinga jua hubaki juu ya ngozi isiyo na jeraha, katika tabaka la seli zilizokwisha kufa. Mambo hubadilika chembe hizohizo zikivutwa kwa pumzi, maana mapafu hayana ngozi ngumu ya kuzizuia, na ndiyo sababu vumbi la dioksidi ya titani limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ushauri unaofuata ni mwepesi: chagua losheni ya kupaka, uache ya kupuliza na ya unga.

Dawa zinazoingia moja kwa moja kwenye mshipa ndizo zinazohitaji umakini mkubwa zaidi. Chembe ndogo sana, za chini ya nanomita 6 hivi, huchujwa na figo zikatoka kwa mkojo, lakini zilizo kubwa kuliko hapo hunaswa na ini na wengu. Zikiwa za mafuta, mwili huzivunja kama unavyovunja mafuta mengine. Zikiwa za chuma, huingizwa kwenye akiba ya chuma ya mwili. Zikiwa za dhahabu, zinaweza kukaa humo kwa muda mrefu. Uliza, basi, si tu kama dawa itafanya kazi, bali pia itaishia wapi baada ya kazi hiyo.

Faida ya kuificha dawa ndani ya kifuko cha mafuta, yaani liposomu, imethibitika. Doxil, ambayo ni doksorubisini, dawa ya saratani, iliyofungwa kwa namna hiyo na kuidhinishwa Marekani mwaka 1995, huudhuru moyo kidogo kuliko doksorubisini ya kawaida, ingawa huweza kuleta maumivu na kubabuka kwa viganja na nyayo. Amfoterisini B ya liposomu, dawa ya kuua kuvu, nayo huziumiza figo kidogo kuliko ile ya zamani. Hapa ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui: dawa hizi zina jina karibu moja, lakini dozi zake hazibadilishani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoishi na VVU wanaougua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi wapewe dozi moja ya amfoterisini ya liposomu ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na dawa nyingine mbili za kumeza kwa siku 14. Kwa mgonjwa wa kilo 60 hiyo ni miligramu 600, ilhali amfoterisini ya kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku, yaani miligramu 90. Anayekosea akatumia kichupa kimoja badala ya kingine anaweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa. Si utovu wa adabu kumwomba muuguzi asome jina lote lililoandikwa kwenye kichupa, pamoja na dozi, kabla dripu haijafunguliwa.

Kabla ya kupewa dawa au chanjo ya aina hii, taja kila mzio ulionao, hasa ule wa polietilini glikoli, ambayo imo kwenye chembe za mafuta za chanjo za mRNA za UVIKO-19. Dripu ikianza, toa taarifa mara moja ukihisi kifua kubana, uso kuwaka moto, mgongo kuuma ghafla au pumzi kuwa nzito. Usisubiri kuona kama itapita, kwa kuwa mara nyingi kusimamisha dripu mapema hutosha kutuliza hali. Anayepewa ferumoksitoli, dawa ya chembe za oksidi ya chuma, huangaliwa kwa angalau dakika 30 baada ya dripu kwisha, na katika miezi 3 inayofuata inampasa amwambie mpiga picha wa MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, kwamba aliipata, kwa sababu chuma hicho huweza kubadilisha picha.

Kuhusu maji ya fedha ya kunywa, msimamo wangu hauna utata: usiyanywe. Fedha hujikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi kuwa ya kijivu yenye ubluu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki tena. Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitamka kwamba bidhaa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa. Bandeji zenye fedha ni jambo jingine, kwani hutumika kwenye vidonda vya moto kwa muda maalumu. Nazo ziwekwe na kubadilishwa na mhudumu wa afya anayekiangalia kidonda chenyewe.