Hesabu miezi kabla ya kuhesabu mapipa

Mpwa wangu yuko Maskati, Oman, anafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Shikamoo moja, halafu mafuta matupu. "Mjomba, kuna kampuni ndogo ya London ina kitalu cha kutafuta mafuta huku kwetu Afrika Mashariki. Hisa moja haifiki hata peni mbili. Wakipata mafuta si tumetoka?" Niliusikiliza huku namenya muhogo, kisu kikasimama. Maneno yale yale niliyasema mimi Leicester mwaka 2013, tena kwa sauti ile ile ya mtu aliyeshatajirika kichwani.

Sasa hivi nashika hesabu za duka la vipuri Kariakoo. Wakati ule nilikuwa mhasibu wa kampuni ya teksi Uingereza, na risiti ya mafuta ya pauni kumi haikunipita bila kuikagua. Lakini pauni 3,000 za akiba yangu nilizipeleka kwenye kampuni ambayo sikuwahi kufungua mizania yake. Niliinunua kwa sababu tangazo lake lilitaja kijiji ninachokijua. Nililiona jina lile kwenye skrini nikahisi wananiita mimi.

Nilipata hisa 75,000 kwa peni 4 kila moja. Kampuni nzima ilikuwa na hisa milioni 300. Miaka mitatu baadaye zilikuwa bilioni 1.8, na zangu bado ni zile zile 75,000. Kisha wakaunganisha kila hisa 50 kuwa moja, mimi nikabaki na 1,500. Niliziuza kwa peni 9. Pauni 135, na dalali akachukua chake humo humo. Kisima hakikuwa hata kimechorongwa. Yaani sikupoteza fedha kwa sababu mafuta yalikosekana. Nilizipoteza tukiwa bado tunayasubiri.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aweke jiolojia pembeni kwanza. Fungua ripoti ya mwisho ya hesabu, ya mwaka au ya nusu mwaka, nenda kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha, yaani fedha zilizoingia na zilizotoka. Chukua namba mbili: fedha taslimu iliyobaki, na iliyotumika kuendesha kampuni katika miezi sita. Tuseme ina dola milioni 2.4 na kwa nusu mwaka imetumia milioni 1.5. Hiyo ni dola 250,000 kwa mwezi, maana yake imebakiza miezi tisa na siku kadhaa. Sasa tafuta tarehe waliyoahidi kuchoronga. Kama ni baada ya mwaka mmoja na nusu, wewe mwenye hisa ndiye daraja la kuvushia miezi inayopungua. Kumbuka pia ripoti inatoka miezi kadhaa baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo punguza na hiyo.

Kampuni ndogo inayotafuta mafuta haina mauzo. Kitu pekee inachoweza kuuza kila mwaka ni hisa zake yenyewe. Inatoa mpya, inawauzia wakubwa kwa bei ya chini kuliko ya sokoni, na umiliki wako unazimuliwa kama togwa la mwenye duka mjanja: kikombe ni kile kile, utamu umeondoka. Mara nyingi hisa hizo mpya hufuata habari njema, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wapo. London matangazo huanza kutoka saa moja asubuhi na soko hufunguliwa saa mbili. Nilikuwa naamka saa kumi na mbili na nusu nisubiri tangazo kama anayesubiri matokeo ya mtihani, na habari ya kupandisha bei ikitoka Jumatatu, Alhamisi jioni wanatangaza hisa mpya. Iliponitokea mara ya tatu ndipo nikaelewa kuwa huo ndio utaratibu.

Kwa hiyo baada ya miezi, hesabu hisa. Zilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita, ziko ngapi leo? Ongeza na zile haki walizogawiwa wakurugenzi na wafadhili za kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Kama idadi imepanda mara nne na hakuna kisima hata kimoja, umeshajua kampuni inachimba wapi. Angalia na mishahara ya wakurugenzi. Mimi nina kipimo changu, si cha kitabuni: ikiwa mishahara ya watu watano inazidi kilichotumika uwandani mwaka ule, nafunga faili.

Ukimaliza hapo, ingia kwenye mapipa, lakini kwa makini, maana maneno yanafanana na thamani hazifanani. Kuna akiba iliyothibitika, ambayo inajulikana ipo na inaweza kutolewa kwa faida. Kuna iliyogunduliwa lakini bado kuna kizuizi: bomba, mteja au kibali. Halafu kuna ya kukisia, ambayo hakuna kisima kilichoigusa, ni picha ya mawimbi ya mtetemo tu. Matangazo ya kampuni ndogo hupenda hii ya tatu. Wakisema "mapipa milioni 100", uliza sehemu ya kampuni ni asilimia ngapi, na mtaalamu wao ameipa nafasi gani ya kufanikiwa. Ikiwa ni asilimia 30, na nafasi ni asilimia 15, milioni 100 zimekuwa milioni 4.5 kabla serikali haijachukua mgao wake na kabla hujalipia mtambo wa kuchoronga.

Visima vikavu huku kwetu si hadithi. Kaskazini-mashariki mwa Kenya, kitalu 2B, Badada-1 kilichorongwa mwaka 2015. Taipan Resources, kampuni ndogo ya soko la Kanada, ilikuwa imebeba matumaini yake karibu yote hapo. Kikatoka kikavu. Kinachoumiza zaidi, kwangu, ni kisima kinachopata kitu na bado hupati kitu. Mwaka 2014 Sunbird-1, kwenye maji ya Kenya, kiligundua mafuta na gesi, na Pancontinental ya Australia ilikuwa na sehemu yake humo. Ugunduzi wa kweli kabisa, ila hakuna biashara iliyotoka. Ukisoma "dalili za mafuta zimeonekana", soma tena polepole. Dalili si mafuta, na mafuta si mauzo.

Tena kuna muda. Kwa Mtanzania mfano mzuri ni Ntorya, kitalu cha Ruvuma, Mtwara, ambako Aminex, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa London, ina sehemu. Gesi iligunduliwa mwaka 2012. Kisima cha pili kikafuata 2017. Mwaka 2020 mwendeshaji akawa ARA Petroleum, wenye asili ya Oman (mpwa wangu aliposikia hili alifurahi kana kwamba ni wa ukoo). Leseni ya uendelezaji ikatoka 2024. Miaka 12 kati ya ugunduzi na karatasi, na hapo gesi imeshaonekana! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi anamaliza darasa la saba hivi. Jiulize kampuni yako itakula nini miaka yote hiyo, kisha rudi kwenye lile zoezi la miezi.

Hata gesi ikianza kutoka, kisima kimoja ni kisima kimoja. Kiliwani Kaskazini, karibu na Songo Songo, kilianza kuuza gesi mwaka 2016. Miaka michache tu shinikizo likashuka, uzalishaji ukakatika. Kampuni kubwa ikipoteza kisima inaandika mstari mmoja kwenye ripoti. Ndogo inaweza kuwa imepoteza mapato yake yote ya huku.

Ubaya wa viongozi sina mengi ya kusema, kwa sababu mnunuzi mdogo hawezi kuuona kutoka nje. Afren ilikuwa na sehemu katika vitalu vya Kenya na kitalu cha Tanga, na ilikuwa imekua hadi kuitwa kampuni ya maana London. Julai 2015 ikaangukia mikononi mwa wafilisi, wenye hisa wakabaki mikono mitupu, na mwaka 2018 waliokuwa vigogo wake wawili wakafungwa kwa udanganyifu na utakatishaji fedha. Kilichoonekana mapema kwa msomaji wa kawaida kilikuwa deni. Kampuni ndogo yenye deni kubwa mimi siigusi hata ikiwa na visima vinavyotoa, kwa kuwa bei ya mafuta haikuulizi. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 110. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya 30. Na ukisema utakimbilia kwenye kubwa kidogo, tazama Tullow, kampuni ya mafuta ya London: Desemba 2019 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake siku moja, ikiwa na mafuta yake Turkana, Kenya, pale pale ardhini.

Kuuza nako kuna mtego. Kwenye hisa hizi bei ya kununua na ya kuuzia zinaachana sana. Ukinunua kwa 1.30 wakati mnunuzi anatoa 1.10, umeshapoteza asilimia 15 kabla kahawa haijapoa. Dar es Salaam nako, kampuni ya Swala ilipoingia soko la hisa mwaka 2014 kwa shilingi 500, ikiwa ya kwanza ya utafutaji mafuta na gesi pale DSE, watu walijipanga. Baadaye biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Bei kwenye ubao si fedha mpaka apatikane wa kukulipa. Jaribu hivi kabla hujanunua: tazama kiasi kilichouzwa kwa siku katika mwezi mzima. Kama hisa unazotaka wewe peke yako zinazidi mauzo ya wiki, utakuja kutoka humo kwa shida.

Nisionekane mchawi. Wentworth Resources ilikuwa ndogo, ina sehemu Mnazi Bay, Mtwara, inauza gesi, ina mapato, ikalipa gawio. Mwaka 2023 Maurel & Prom ya Ufaransa wakainunua yote kwa peni 32.5 kwa hisa. Tofauti yake na ile yangu haikuhitaji mtaalamu wa miamba: mteja alikuwepo, bomba likajengwa, na fedha za mauzo zikaingia. Gesi ile haikuwa na hadithi ya kusisimua, ndiyo maana mwaka 2013 sikuitazama hata mara moja.

Ukishapita kote huko na bado unataka, weka kiasi ambacho kikiisha hutamwambia mkeo uongo. Usikope SACCOS. Usigawe fedha kwa kampuni tano za kitalu kimoja ukajiona umetawanya hatari. Kisima kikiwa kikavu, nyote mmekauka pamoja. Na mimi, kisima kikikaribia kuanza na bei ikapanda, nauza nusu. Wapo watakaoniita mwoga. Sawa.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini mjomba, wamesema mapipa milioni mia mbili." Nikamwambia afungue ripoti ukurasa wa fedha, agawanye, kisha anitumie namba moja tu. Saa nzima ikapita. Ikaja: "Miezi minne."

Nikamuuliza kisima lini.

"Mwakani, mwezi wa kumi."

Tulikuwa Agosti.