Mazoezi ya baba mwenye ndoo mbili

Miaka mitatu nilinyanyua vyuma jimu, kifua kikajaa shati. Siku maji yalipokatika mtaani kwetu Tabata, nikapandisha ndoo mbili za lita 20 hadi ghorofa ya tatu. Kiuno kilikaza siku nne. Mke wangu akawa ananivalisha soksi. Aibu gani hiyo!

Sasa nafanya hivi. Anza na ndoo yenyewe, maana lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito unaujua bila mzani. Weka lita tano kila ndoo. Simama katikati yake, rudisha makalio nyuma kama mtu anayetafuta kigoda, mgongo unyooke, kaza tumbo, inuka kwa nguvu ya miguu. Tembea hatua thelathini, tua taratibu (mimi niliwahi kulowesha sebule nzima), pumzika, rudia mara nne. Wiki ikiisha bila maumivu, ongeza lita moja. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Siku nyingine ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mimi nampeleka binti shule kwa miguu, dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku tano: hesabu imetimia. Mwendo uwe wa kuweza kuongea ila si kuimba. Binti anaimba, mimi nahema.

Mwenye presha au mgongo unaosumbua amwone daktari kwanza. Jumapili nachuchumaa na kuinuka mwanangu mdogo akiwa mgongoni kwa khanga. Akicheka, naongeza moja.