Somo: Kutaja vyanzo kwenye tasnifu, hasa unaposoma Kiingereza na kuandika Kiswahili

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu naulizwa lile lile: "Mbona msimamizi kaniandikia 'wizi' na mimi nimeandika mwenyewe kwa Kiswahili?" Naweka jibu hapa ili nikiulizwa tena nielekeze tu. Nafuata APA, yaani mtindo wa kutaja vyanzo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7 (2019). Idara yako ikitaka mtindo mwingine, shika wa idara.

1. Fungua faili la marejeleo siku unayoanza kusoma.

2. Ukinakili kitu, andika papo hapo mwandishi, mwaka na ukurasa. Maneno yake yatie alama za kunukuu hata kwenye daftari lako.

3. Nukuu fupi hukaa ndani ya aya. Ikifika maneno 40, iteremshe, isogeze ndani, ondoa alama za kunukuu. Ukurasa utajwe kote kuwili.

4. Tafsiri. Hapa ndipo wengi wanaporudishiwa kazi. Vitabu tunavyosoma Uganda vingi ni vya Kiingereza. Mtu anafasiri aya nzima, na kwa kuwa kila neno la Kiswahili amelitafuta mwenyewe, anaona aya ni yake. Si yake. Hoja ni ya mwenye kitabu, na mpangilio wa hoja pia.

Chukua mfano huu. Ibara ya 6(2) ya Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya 2005, inakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Hilo unalitoa kwenye Katiba na unaitaja Katiba. Sasa tuseme kuna mwandishi anayedai kwamba kile kipengele cha Bunge ndicho kilichokichelewesha Kiswahili, kisha anatoa sababu tatu. Dai ni lake: jina na mwaka. Sababu tatu nazo ni zake: mtaje tena. Jina moja lililotupwa mwishoni mwa aya halimwonyeshi msomaji yako yanaanzia wapi.

Soma, funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua ulinganishe. Sentensi zako zikimfuata yeye moja baada ya nyingine, andika upya. Na usijipe moyo kwamba kompyuta haikuona. Msimamizi aliyefundisha kitabu hicho kwa miaka ataijua aya hata ukiigeuza Kiluganda.

5. Majina. Kwenye orodha huanza jina la ukoo, kisha herufi za mengine. Kwetu wengine huandika jina la ukoo mbele, wengine nyuma, kwa hiyo Zotero (programu ya kupanga marejeleo) ikikuletea jina, lihakiki na machapisho mengine ya mtu huyo. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya matini taja wa kwanza na "na wenzake", tangu mara ya kwanza.

6. Kila aliyetajwa ndani awe kwenye orodha, na kila aliye kwenye orodha awe ametajwa ndani.

MASWALI

Mwanachama, Mbarara: Turnitin asilimia ngapi inapita? Nipe namba tu.

Jibu: Namba waulize idara. Turnitin ni programu inayoonyesha mfanano wa kazi yako na maandishi ya wengine, haihukumu. Asilimia 6 ikiwa ni aya moja nzima isiyo na chanzo, ni wizi. Asilimia 20 inaweza kuwa nukuu halali na orodha ya marejeleo.

Mwanachama, Kampala: Kuna jamaa Wandegeya anashusha asilimia kwa malipo. Si njia rahisi?

Jibu: Hapana. Anabadilisha maneno, hoja inabaki ya mwenye kitabu. Rudi hatua ya 4.

Mwanachama, Lira: Samahani mwalimu, nimehoji wazee kuhusu methali za Kilango. Hawana kitabu. Nawatajaje?

Jibu: Dada, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuandika. Wazee uliowahoji kwa utafiti wako ni watoa data. Waeleze kwenye sura ya mbinu: umewapataje, wamekubali vipi, umewarekodi lini. Kwenye uchambuzi tumia alama, mfano M3, ikiwa uliwaahidi kuficha majina. Hawaingii kwenye orodha ya marejeleo. Ni tofauti na mtaalamu aliyekujibu jambo kwa simu au barua pepe: huyo ni mawasiliano binafsi, unamtaja ndani ya matini kwa jina na tarehe kamili, naye haingii kwenye orodha. Methali iandike kwa Kilango kwanza, kisha tafsiri, na useme nani amefasiri. Ikiwa ni wewe, sema ni wewe.

Mwanachama, Jinja: Akili mnemba imenipa marejeleo kumi mazuri. Niyatumie?

Jibu: Umeyafungua? Hutunga vitabu visivyokuwepo, na majina ya kweli juu yake. Usichokishika mkononi au kukiona kwenye skrini, usikiorodheshe.

Mwanachama, Gulu: Nyongeza. Kabla ya kurudisha kitabu maktaba, piga picha ya jalada na ukurasa wa mchapishaji. Imeniokoa safari za Kampala.

Jibu: Vizuri sana ndugu. Piga na ukurasa ulionukuu, namba yake ionekane.