Kutafuta kikundi cha kuacha pombe na kuuvuka mkutano wa kwanza

Ninafanya kazi ya ushauri kwa waraibu wa pombe, na mimi mwenyewe niliacha kunywa kwa kushikwa mkono na kikundi. Nimewasindikiza watu wengi kwenye mkutano wao wa kwanza. Kinachowashinda mara nyingi si maneno ya mle ndani. Ni zile hatua chache za kutoka barabarani hadi mlangoni. Kwa hiyo tuanzie mbali kidogo.

1. Kama unakunywa kila siku, muone daktari kwanza

Kikundi hakitibu arosto, yaani mwili kuugua unapokosa pombe uliyoizoea. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla, kwa kawaida huanza kutetemeka na kutokwa jasho kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Wengine hupata degedege katika siku mbili za mwanzo. Wachache, hasa kati ya saa 48 na 72, huweweseka, hupanda homa na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo inaweza kuua, lakini hospitali ina dawa zake. Kama asubuhi mikono haitulii mpaka unywe, au uliwahi kuanguka degedege ulipokosa pombe, tafadhali usiache pombe ukiwa nyumbani peke yako. Daktari atakuongoza jinsi ya kuacha salama, na kikundi unaweza kukianza wakati huohuo.

2. Tafuta kikundi, kisha upige simu

Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA. Kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia kutokunywa. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe na nia ya kuacha pombe. Hakuna kiingilio. Kapu la mchango likipita, mgeni halazimiki kutoa. Hatua zake 12, ambazo wanachama huzifuata ili waache pombe, zinamtaja Mungu, ila kila mtu ameachiwa amwelewe kwa namna yake. Kama hilo linakukwaza, SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, inafundisha mbinu za kukabili hamu na mawazo yanayokurudisha kwenye chupa. Vyote viwili vina mikutano ya intaneti pia. Unaweza kuuliza hata kwenye kliniki ya afya ya akili.

Ukipiga simu, uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuingia, au ni wa wenye tatizo la pombe pekee. Uliza na mkutano unachukua muda gani. Mara nyingi ni dakika 60 hadi 90. Halafu uliza hili, ambalo kwangu ndilo kubwa: "Kuna mtu anaweza kunipokea nje?" Anayejua kuna mtu anamngoja ni vigumu kugeuzia njiani.

3. Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda, maana njaa huamsha hamu. Fika dakika kumi mapema, umwambie mtu mmoja kwamba ni mara yako ya kwanza. Usikae kiti cha karibu na mlango. Kama umekunywa leo, nenda hivyohivyo, lakini usiendeshe gari, na ukifika sikiliza tu.

Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza. Zamu ikikufikia, "leo nasikiliza" inatosha kabisa. Jambo linalowashtua wageni ni kimya. Mtu anaeleza jinsi alivyopoteza kazi au watoto, anamaliza, anashukuriwa, anafuata mwingine. Hakuna anayemjibu wala kumshauri. Usidhani ni dharau. Katika vikundi vingi ndio utaratibu: kila mtu aseme yake bila kukatizwa, bila kuhukumiwa. Ukishaizoea, utaona kwamba ni mahali pachache sana ambapo mlevi huongea mpaka mwisho. Na utakayoyasikia yabaki humo humo.

4. Usiondoke bila namba ya simu

Mkutano ukiisha, baki kidogo. Omba namba ya mtu ambaye maneno yake yamekugusa, ikiwezekana wa jinsia yako. Mpigie jioni hiyohiyo, hata kama huna la kusema. Ukisubiri mpaka hamu ikubane, simu hiyo itakuwa nzito mno kuipiga. Baadaye huenda huyo, au mwingine, akawa mlezi wako, yaani mzoefu wa kukuongoza katika zile hatua 12.

5. Rudi, au badilisha kikundi

Vikundi havifanani hata kidogo. Mimi huwaomba watu wahudhurie mikutano sita, katika vikundi viwili au zaidi, kabla ya kusema haiwafai. Lakini kuna mambo ya kuondokea mara moja: ukitozwa fedha kwa siri, ukitakiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari, au mkongwe akianza kukutongoza ukiwa bado mgeni.

Mwenzi na wazazi wana chao, Al-Anon, kilichoanza 1951. Wanaweza kwenda hata kama wewe hujakubali kuacha.

Ukiteleza, rudi kwenye mkutano unaofuata, useme ulikunywa lini. Utaanza kuhesabu siku upya na hakuna atakayekufukuza. Ila kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, pitia tena kwa daktari kabla ya kukata, kwa sababu arosto ya safari hii inaweza kuwa kali kuliko ile ya kwanza.