Kuipima nadharia mpya ya graviti dhidi ya Einstein: anza karibu, malizia mbali

Anayeirekebisha nadharia ya Einstein hutamani kukimbilia data ya galaksi. Mimi huanza na Mfumo wa Jua, kwa sababu nadharia nyingi hukwama huko kwa hesabu ya karatasi moja tu.

Hatua ya 1. Andika milinganyo yako katika hali ya graviti hafifu na mwendo wa polepole, kisha utafute kigezo cha gama, kinachoeleza mata hupinda anga kwa kiasi gani. Kwa Einstein, gama ni 1 kamili. Mwaka 2002, mawimbi ya redio kati ya Dunia na chombo cha Cassini yalipita karibu na Jua, na matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa gama haiachani na 1 kwa zaidi ya sehemu chache katika 100,000. Nadharia ya Brans na Dicke, inayoongeza uga mmoja kwenye graviti ya Einstein, ilibanwa hapo hadi omega yake (namba ambayo ikiwa kubwa, uga huo hudhoofika) ikalazimika kuwa makumi ya maelfu, kiasi cha kukaribia kufanana na ya Einstein. Ikiwa athari mpya za nadharia yako hujificha penye mata nyingi, kama karibu na Jua, thibitisha hilo kwa hesabu, usiidhanie tu.

Hatua ya 2. Kokotoa kasi ya mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, uilinganishe na kasi ya nuru. Tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi hayo kutoka kwa nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130 yalifuatwa na miale ya gamma baada ya sekunde 1.7 hivi. Safari ndefu namna hiyo, na tofauti ndogo kiasi hicho, zilionyesha kuwa kasi hizo mbili zinakaribia kuwa sawa kabisa, zikaziondoa nadharia nyingi kwa siku moja.

Hatua ya 3. Sasa njoo kwenye galaksi. Tumia vigezo viwili: kimoja cha jinsi mata inavyoanguka, kingine cha jinsi nuru inavyopinda, na uvipime kwa mwendo wa galaksi pamoja na upotofu wa maumbo yao unaoletwa na nuru kupindishwa njiani. Uache uzito wa nyutrino, chembe nyepesi mno, ubadilike pia katika hesabu, kwani nyutrino hupunguza kasi ya mata kukusanyika, ilhali nadharia kama f(R), inayobadilisha jinsi kupinda kwa anga kunavyoingia katika milinganyo ya Einstein, huiongeza, na mawili hayo huweza kufichana.

Kabla ya kugusa data halisi, tengeneza data ya bandia kutokana na nadharia ya Einstein, uipitishe katika programu yako yote. Programu yangu ya kwanza ilikuta graviti mpya humo humo. Kosa lilikuwa alama ya kutoa niliyoisahau.