Namna ya Kuchagua Kampuni ya Kusafirisha Pikipiki kwa Masafa Marefu

Mtu anayetaka kupeleka pikipiki upande wa pili wa nchi kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei. Hupigia simu kampuni tatu au nne, huandika kiasi alichotajiwa na kila moja, kisha huchagua kilicho kidogo. Tatizo ni kwamba viasi hivyo mara nyingi si bei ya kitu kimoja. Kampuni moja imetaja gharama ya kuichukua pikipiki mlangoni kwako na kuifikisha mlangoni kwa mpokeaji. Nyingine imetaja gharama ya kutoka ghala lake hadi ghala jingine. Na ya tatu haina hata lori moja, bali itatafuta mwenye lori atakayekubali kubeba kwa bei ya chini zaidi ili yenyewe ibaki na tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei, linganisha kwanza safari yenyewe: pikipiki itapita mikononi mwa nani, itapandishwa na kushushwa mara ngapi, na katika kila hatua nani anawajibika ikiharibika.

Msisitizo huu una sababu yake. Pikipiki haisimami yenyewe kama gari. Ikiwa imefungwa vizuri ndani ya lori, hata kilomita elfu moja haziidhuru sana. Hudhurika zaidi pale inaposukumwa na mtu mmoja juu ya ubao mwembamba, pale inapoachwa ghalani ikiegemea stendi ya pembeni huku mizigo mingine ikipitishwa karibu nayo, au pale inaposogezwa harakaharaka na mtu asiyejua kwamba imeachwa kwenye gia. Safari yenye vituo viwili vya kubadilisha lori ina upakiaji mara tatu na upakuaji mara tatu, ilhali safari ya moja kwa moja ina mmoja tu wa kila aina. Kati ya kampuni yenye jina kubwa inayobadilisha malori njiani na kampuni ndogo ambayo lori lililochukua pikipiki ndilo litakaloifikisha, mimi ningechagua hiyo ndogo, mradi karatasi zake ziwe kamili.

Swali la kwanza la kumuuliza anayepokea simu, basi, ni kama lori litakalobeba ni la kampuni yao. Akikiri kwamba yeye ni dalali, hilo pekee si sababu ya kumkataa, kwa kuwa dalali mzuri hujua lori lipi linarudi tupu kuelekea unakotaka na anaweza kukupatia nafasi ambayo usingeipata mwenyewe. Mtake hata hivyo akutajie jina la msafirishaji kabla hujalipa chochote, na ujue mkataba wako ni wa nani. Wapo madalali wanaobeba dhamana ya mzigo hadi unapofika, na wapo ambao masharti yao, kwa herufi ndogo, yanasema kwamba kazi yao ni kukutanisha watu tu. Kwa hawa wa pili, likitokea la kutokea, utakayemdai ni mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye.

Ukishajua ni nani atakayebeba, hakikisha kwamba yupo kweli. Kampuni halali haioni tabu kukupa nakala ya usajili wake, leseni ya kubeba mizigo na cheti cha bima. Cheti cha bima kihakiki kwa kuipigia kampuni ya bima yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile iliyochapishwa kwenye karatasi uliyotumiwa, kwa sababu anayeweza kughushi cheti hashindwi kughushi na namba ya simu. Malipo yaingie kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Malipo ya awali ni jambo la kawaida, lakini anayetaka fedha zote kabla ya kuiona pikipiki anastahili kutiliwa shaka. Uwe mwangalifu zaidi pale unaponunua pikipiki kwa mtu usiyemfahamu na yeye ndiye anayekupendekezea msafirishaji: ni ulaghai uliozoeleka, ambapo muuzaji na kampuni ya usafirishaji ni mtu yuleyule, na kila siku huzuka ada mpya ya bima au ya kutolea mzigo hadi mnunuzi anapochoka kulipa. Msafirishaji mtafute mwenyewe.

Maoni ya wateja yana msaada, ingawa sifa tupu hazifundishi kitu. Yasome yale ya watu walioharibikiwa na mali, uangalie kampuni ilijibu nini na kama malipo yalifanyika. Sifa nyingi zilizoandikwa ndani ya siku chache kwa maneno yanayofanana zipuuze.

Sasa njoo kwenye swali ambalo kwa maoni yangu ndilo linalochuja kampuni kuliko yote: pikipiki mnaifungaje? Anayejibu kwamba usiwe na wasiwasi, wamezoea, hajajibu. Aliyezoea atakueleza kwamba gurudumu la mbele huingizwa kwenye kishikio kilichofungwa sakafuni ili lisigeuke, na kwamba pikipiki hufungwa kwa mikanda isiyopungua minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikivutwa kuelekea chini na pembeni kwa pande zote mbili. Atakueleza kwamba mikanda ya mbele hupitishwa, kwa vitanzi laini vya kitambaa, kwenye chuma kinachoshika shokapu za mbele chini ya usukani, wala si kwenye ncha za usukani, ambazo hupinda, wala kwenye vioo, taa za indiketa au makava ya plastiki. Shokapu hukandamizwa kiasi tu. Zikikandamizwa hadi mwisho kwa siku kadhaa, sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta yaliyomo ndani yasitoke, zinaweza kuanza kuvuja. Stendi ya pembeni hukunjwa, kwa kuwa pikipiki iliyofungwa huku ikilalia stendi hiyo huipa uzito ambao haikutengenezwa kuubeba, na lori likirukaruka kinachoweza kuvunjika ni stendi yenyewe au mahali iliposhikiliwa kwenye fremu. Dereva makini pia husimama baada ya mwendo mfupi kukagua mikanda, maana mzigo ukishajikaa, mikanda hulegea.

Uliza vilevile kama lori ni la wazi au limefunikwa, na ndani yake kutakuwa na mzigo gani mwingine. Lori la wazi ni nafuu, na kwa pikipiki ya kazi huenda likatosha. Kwa pikipiki mpya au ya thamani kubwa, vumbi, mvua na kokoto ni hoja ya kutosha ya kulipia lililofunikwa. Jambo la mzigo mwingine husahaulika. Pikipiki iliyofungwa kitaalamu, kisha ikasongwa na magunia au makabati yasiyofungwa, haina usalama wowote.

Kampuni nyingine zitakushauri kreti ya mbao. Kreti hulinda vizuri, hasa pale ambapo mzigo utabadilishwa malori au kupandishwa ndege, kwa sababu mashine ya kunyanyulia hushika mbao badala ya kuigusa pikipiki. Jihadhari na hesabu yake tu. Katika usafirishaji wa ndege, mzigo mkubwa ulio mwepesi hutozwa kwa ujazo: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 6,000 ili kupata kilo za kutozwa. Kreti ya sentimita 220 kwa 80 kwa 120 hutoa kilo 352, hata kama pikipiki na mbao zake kwa pamoja hazifiki kilo 200. Kuvua vioo na kioo cha mbele, na kushusha usukani pale inapowezekana, hupunguza kimo na hivyo hupunguza gharama. Pata vipimo kamili vya kreti kabla ya kukubali bei.

Mafuta nayo ni kipimo kizuri cha uzoefu. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari, vyombo vinavyoendeshwa kwa mafuta yanayowaka vina namba yake, UN 3166, na kwa ndege hutakiwa tangi liondolewe mafuta na betri ishughulikiwe kwa kufuata masharti. Kwa lori masharti huwa mepesi zaidi, ila kampuni nyingi hutaka tangi liwe na mafuta kidogo sana. Kampuni isiyouliza lolote kuhusu mafuta na betri pengine haijabeba pikipiki nyingi. Pikipiki ya umeme ina masharti tofauti kwa ajili ya betri yake, kwa hiyo itaje mapema.

Kuhusu bima, kauli kwamba wana bima haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa na maana mbili. Dhamana ya msafirishaji ni kiasi ambacho sheria au mkataba unamlazimisha kulipa anapokosea, na mara nyingi huhesabiwa kwa uzito wa mzigo bila kujali thamani yake. Mfano ni mkataba wa kimataifa wa CMR wa mwaka 1956, unaohusu mizigo inayovuka mipaka kwa barabara, ambao kikomo chake kwa sasa ni vizio 8.33 vya SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo. Pikipiki ya kilo 150 haiwezi kulipwa zaidi ya vizio 1,250 hivi, hata ikiwa thamani yake ni mara tano ya hapo. Safari ya ndani ya nchi hufuata sheria za nchi hiyo, lakini mtindo wa kuhesabu kwa kilo umeenea. Bima ya mzigo ni kitu kingine, nayo hulipa kwa kufuata thamani uliyoitangaza. Usitangaze thamani pungufu ili kuokoa ada, kwa sababu pikipiki iliyokatiwa bima ya nusu ya thamani yake huenda ikalipwa nusu tu ya gharama ya matengenezo. Uliza ni kiasi gani utakibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, kama mikwaruzo imo au haimo, na zaidi ya yote, kama bima inaifunika pikipiki wakati wa kupakiwa, kupakuliwa na kulala ghalani, au inapokuwa barabarani tu.

Tarehe ya kufika usiitegemee kwa siku kamili. Pata muda wa kuanzia na wa mwisho kwa maandishi, pamoja na siku ambazo ghala litaihifadhi bila kutoza ada.

Siku ya kukabidhi, osha pikipiki, kwani uchafu huficha mikwaruzo, kisha ipige picha mchana kwa pande zote, ukisogea karibu na kila kovu la zamani, mita ya kilomita na namba ya chesisi. Namba hiyo iandikwe kwenye hati ya mzigo, pamoja na hali ya pikipiki, na pande zote mbili mtie sahihi. Zima king'ora, vua mabegi na vifaa vilivyolegea, toa ufunguo mmoja na ubaki na wa akiba. Kadi halisi ya pikipiki usiitume na dereva. Nakala inatosha, isipokuwa sheria inataka vinginevyo.

Mpokeaji naye aelezwe mapema kwamba asitie sahihi kabla ya kukagua, hata dereva akidai kwamba amechelewa. Ailinganishe pikipiki na zile picha, atazame chini kama kuna mafuta yanayovuja, na aangalie kama usukani umenyooka sambamba na gurudumu. Hitilafu yoyote aiandike kwenye hati kabla ya sahihi yake, kwa maneno mahususi kama "tangi limebonyea upande wa kushoto", na hati ikikosa nafasi ya maelezo aandike pembeni na kuipiga picha kabla ya kuirudisha. Hitilafu isiyoonekana kwa nje ina muda wake wa kuripotiwa: CMR hutoa siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, na mkataba wako unaweza kutoa chache zaidi. Muda huo utafute kwenye masharti kabla ya kulipa malipo ya awali, na umpe mpokeaji tarehe ya mwisho pamoja na anwani ambayo taarifa ya maandishi inapaswa kutumwa.