Kuwasha na Kuzima Kompyuta za Maabara ya Pamoja ukiwa Mbali

Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa maabara za kompyuta katika shule na vyuo vya Tanga, ambako mashine moja hutumiwa na wanafunzi wengi kwa zamu na msimamizi hayupo chumbani muda wote. Tuseme maabara iko Ngamiani na msimamizi anaishi Raskazone. Usiku anataka kuhakikisha kwamba hakuna mashine inayokula umeme bure, na asubuhi anataka zote ziwe zimewaka kabla ya kipindi cha kwanza. Kazi hiyo inaweza kukabidhiwa programu wakala, yaani programu inayopokea agizo la msimamizi na kulitekeleza kwa niaba yake, lakini kuzima kunadai uangalifu mkubwa zaidi kuliko kuwasha, kwa sababu huenda kazi ya mtu mwingine bado iko wazi kwenye kioo.

Kompyuta iliyozimwa haiendeshi programu yoyote. Kinachobaki macho ni kadi yake ya mtandao, ambayo huendelea kupata umeme kidogo na kusubiri paketi maalumu, yaani kifurushi kidogo cha data kinachotumwa kwenye mtandao. Paketi hiyo ina baiti 6 zenye thamani FF, zikifuatiwa na anwani ya MAC ya kadi husika, yaani namba yake ya utambulisho, iliyorudiwa mara 16, hivyo kufanya jumla ya baiti 102. Utaratibu huu huitwa Wake-on-LAN. Uruhusu kwanza ndani ya BIOS ya kila mashine, yaani programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows au Linux, na uzime mpangilio wa kubana umeme uitwao ErP, kwa kuwa huo hukata kabisa umeme wa kadi. Kwenye Windows, ondoa uwashaji wa haraka, ambao mara nyingi huzuia mashine iliyozimwa isiamke. Kwenye Linux, tumia amri ethtool -s eth0 wol g, ukiweka jina halisi la kadi yako mahali pa eth0. Tegemea kebo, si Wi-Fi, na uorodheshe anwani za MAC pamoja na namba iliyobandikwa kwenye kila meza.

Kwa kawaida paketi hiyo haivuki ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa maabara na mitandao mingine. Kwa hiyo weka ndani ya maabara kifaa kimoja kidogo kisichozimwa, kwa mfano Raspberry Pi, ambacho ndicho kitakachobeba programu wakala na kutuma paketi kwa wenzake. Wewe ukiwa nyumbani ukifikie kupitia VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, kama WireGuard. Usifungue poti (mlango wa mawasiliano) ya ruta kwa intaneti nzima ili kurahisisha mambo: paketi ya kuamsha haiulizi mtumaji ni nani.

Sasa kuzima. Wengi huandika shutdown /s /t 300 kwenye Windows wakiamini kwamba dakika 5 zinamtosha mwanafunzi kujiandaa. Ukweli ni kwamba muda wowote unaozidi sifuri hubeba ndani yake agizo la kufunga programu kwa nguvu, hata kama hukuliandika, na hati ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea bila swali lolote kuulizwa. Kwa hiyo wakala afundishwe kuuliza kabla ya kutenda: aangalie kwa query user, au who kwenye Linux, kama kuna mtu aliyeingia. Asipokuwapo mtu, azime. Akiwapo, atume ujumbe wa Kiswahili ulio wazi, unaotaja saa ya kuzima na jinsi ya kuomba muda zaidi, kisha aiache mashine hiyo hadi msimamizi mwenyewe aamue. Agizo lililokwisha kutolewa hufutwa kwa shutdown /a, na kwenye Linux kwa shutdown -c, mradi muda haujaisha.

Mpe wakala akaunti yake mwenyewe, yenye ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) badala ya nenosiri linalojulikana na watu wengi, na katika sudoers, faili la Linux linalotaja nani anaruhusiwa amri za msimamizi, umruhusu amri za kuzima na kuwasha upya tu. Wakala mwenye mamlaka yote ya msimamizi ni hatari isiyo na sababu. Kila agizo liandikwe kwenye kumbukumbu: nani alitoa, saa ngapi, mashine ipi, na matokeo yake.

Limebaki suala la umeme kukatika. Ninapendelea BIOS iziache mashine zimezimwa umeme unaporudi, kisha wakala aziamshe mojamoja kwa kupishana sekunde kadhaa, ili zisivute umeme wote kwa mpigo. Hata hivyo, baadhi ya kadi husahau kusubiri paketi baada ya kukosa umeme kabisa. Lijaribu jambo hili kabla ya masika: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri kidogo, uurudishe, kisha tuma paketi na uthibitishe kwa ping, amri inayopima kama mashine inaitikia kwenye mtandao. Mashine isiyoitikia iwekewe katika BIOS mpangilio wa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, na jambo hilo liandikwe kwenye orodha mbele ya namba yake.